BIMA YA GARI KWA VIJANA: KOSA LAO NI KUZALIWA JUZI?



Limezuka barazani neno ambalo hatukuweza kulinyamazia. Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyewafuata wazazi wake Uingereza akiwa mdogo na sasa ametimiza miaka 19, alimpelekea bibi yake habari kwamba zile fedha za kila mwezi atazisimamisha kwa muda, kwa sababu amenunua gari la kwendea kazini na bima ya gari hilo imepita bei ya gari lenyewe. Wazee wakastaajabu. Mmoja akasema kijana anadanganya, kwani haijapata kuonekana kivuli kikawa kizito kuliko mti. Mwingine, bwana aliyesoma, akasema kijana ni mkweli, lakini na wenye bima nao hawana kosa. Maneno yake yalikuwa haya: "Ile ni hesabu tu, na hesabu haina dhulma."

Mzee wa kwanza tunamjibu kwa ufupi: kijana hakudanganya. Huyu bwana wa pili ndiye aliyetufanya tushike kalamu.

Kwa takwimu za jumuiya ya makampuni ya bima ya Uingereza, mwaka 2023 wenye magari walilipa kwa wastani pauni 543. Mwishoni mwa mwaka huo huo, wale wanaofanya biashara ya kulinganisha bei walitangaza kwamba bei anayotajiwa kijana wa miaka 17 ilipita, kwa wastani, pauni 2,500. Hatusemi kwamba mizani hizi mbili ni sawasawa, maana moja ni fedha iliyolipwa na nyingine ni bei iliyotajwa. Lakini punguza utakavyo, pengo litabaki. Tangu hapo bei zimeteremka kiasi, na kijana bado hutajiwa zaidi ya maradufu ya wastani. Na gari kuukuu la kuanzia maisha hupatikana huko kwa pauni 1,500 au 2,000. Basi kivuli kimekuwa kizito kuliko mti.

Na kwanza tuwape wenye bima haki yao, maana hatupendi kugombana na mtu kwa kumzulia. Vijana huumiza. Uingereza, madereva wa miaka 17 hadi 24 ni chini ya mmoja katika kila kumi ya wenye leseni, lakini katika watu wanaouawa au kujeruhiwa vibaya kwa ajali za magari, kiasi cha mmoja katika watano huwa ameumia katika ajali iliyomhusu dereva kijana. Kijana akiwapakia rafiki zake usiku akapinduka, mmoja wao akavunjika uti wa mgongo, kampuni hulipia matunzo ya mtu huyo umri wake wote, nayo huweza kuwa mamilioni ya pauni. Tena makampuni hayo, kwa jumla, yalikula hasara katika bima ya magari mwaka 2022 na 2023. Yalitoa zaidi ya yalivyopokea. Asije mtu basi akasema tumewaita wezi. Ni wafanyabiashara, na biashara tunaijua.

Sisi tunaoandika haya tumekaa nyuma ya meza ya duka zaidi ya miaka ishirini, na daftari la madeni liko chini ya mkono wetu wa kulia. Mwaka mmoja vijana wawili wa mtaa mmoja walikopa unga na mafuta wakatokomea. Tukaapa kwamba hatumkopeshi tena kijana yeyote wa mtaa ule, na kiapo tukakishika miezi mitatu. Katika miezi hiyo tuliwarudisha mikono mitupu vijana ambao hawajapata kutuchelewesha hata shilingi, mmoja wao akiwa anamuuguza mama yake. Wakahamia duka la jirani, na mpaka leo baadhi yao hutupita wakatusalimu kwa adabu, na mfuko wa jirani umo mkononi. Tulikuwa na hesabu? Tulikuwa nayo. Ilikuwa sahihi? Kwa mtaa, huenda. Kwa yule kijana aliyesimama mbele yetu ilikuwa uongo.

Lakini tazameni: vijana wale waliweza kuhamia duka la jirani. Hapakuwa na askari njiani wa kuwauliza unga wameununua wapi. Dereva wa Uingereza hana hiari hiyo. Tangu sheria ya barabara ya mwaka 1930, gari haliruhusiwi kutembea bila ya bima ya kumhifadhi mtu wa tatu, ile ambayo sisi tunaiita bima ndogo. Sheria yenyewe ni njema na hatuipingi. Mpita njia aliyegongwa hana budi alipwe, na aliyemgonga hana fedha. Ila Serikali inapomlazimisha mtu kununua kitu, kisha ikamwachia muuzaji apange bei kwa tarehe ya kuzaliwa ya mnunuzi, imempeleka mteja sokoni mikono imefungwa nyuma.

Na Serikali hiyo si mtazamaji. Tangu Juni 2017 inatoza kodi ya asilimia 12 juu ya bima hizi. Juu ya pauni 500 za mtu mzima hupata pauni 60. Juu ya pauni 2,500 za kijana hupata pauni 300. Kijana huyo huyo, akienda kuajiriwa, hukuta sheria imemwekea kima cha chini cha mshahara kilicho pungufu ya cha wakubwa mpaka atimize miaka 21. Kwa mwajiri ujana wake humfanya rahisi, kwa mwenye bima humfanya ghali, na mihuri yote miwili ni ya Serikali moja. Wale waliokuwa walinzi wa visiwa hivi tangu 1890 hadi Disemba 1963 walikuwa wakitusifia sana insafu ya sheria zao. Tunaitafuta katika hili.

Turejee kwa bwana wetu wa hesabu, kwani jawabu yake imekwisha kutolewa na wakubwa kuliko sisi. Zamani makampuni ya Ulaya yalikuwa yakiwatoza wasichana bima nafuu kuliko wavulana, na hesabu ile ilikuwa sahihi, maana wasichana hupata ajali chache zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya, ambayo wakati ule Uingereza ilikuwa chini ya hukumu zake, iliamua kwamba haifai kumpangia mtu bei ya bima kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke, na kuanzia tarehe 21 Disemba 2012 kanuni hiyo ikawa sharti. Hatufichi kwamba wasichana wengi walipandishiwa bei kwa sababu hiyo. Lakini msingi uliowekwa ni upi? Ni kwamba hesabu yaweza kuwa sahihi juu ya kundi zima na bado ikawa dhulma kwa mtu mmoja, na sheria ina haki ya kuikataza. Basi tunauliza: kama mtu hachagui kuzaliwa msichana, je, huchagua mwaka wa kuzaliwa? Sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamkinga mtu asibaguliwe kwa umri wake, isipokuwa katika mambo kadhaa. Na moja ya mambo hayo ni bima.

Umri hauji peke yake. Hufuatana na mtaa. Jumuiya ya Citizens Advice, inayowasaidia watu wa Uingereza waliolemewa na madeni, ilichungua habari za watu 18,000 waliokwenda kwake mwaka 2021, ikaona kwamba watu wasio weupe walikuwa wakilipa bima ya gari pauni 250 zaidi kwa wastani kuliko weupe. Makampuni yakakana kwamba yanauliza rangi. Sisi tunaamini kwamba hayaiulizi. Yana haja gani ya kuuliza rangi, na anwani imekwisha kuandikwa juu ya fomu? Mtoto wa kisiwani aliyepangishwa chumba katika mtaa wa wageni wenziwe hulipia ujana wake, kisha akalipia na majirani zake.

Hapa tunagusa jambo tulilofunzwa chuoni kabla hatujajua kuhesabu mia. Kijana asiye na pauni 2,500 taslimu, na nani katika wao anazo, huruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa mwezi. Ruhusa hiyo huuzwa. Nyongeza yake aghalabu ni baina ya asilimia 20 na 30 kwa mwaka, hata mamlaka ya kusimamia fedha ya nchi ile ikaanzisha uchunguzi wake Oktoba 2024. Kwa hivyo bima ya gari lile lile, la dereva yule yule, ni rahisi kwa mwenye nazo na ghali kwa asiye nazo. Suala la bima yenyewe katika dini tunawaachia masheikh, nao wamehitilafiana. Juu ya riba hatujasikia hitilafu.

Itasemwa kwamba kuna kisanduku cheusi. Naam, kipo, hufungwa ndani ya gari kikawa kinapeleka habari kwa kampuni jinsi kijana anavyokwenda mbio, anavyofunga breki na saa anazotembea, naye akiendesha vizuri hupunguziwa. Sisi tunakiona kina heri kuliko tarehe ya kuzaliwa, maana angalau kinamtazama mtu na vitendo vyake. Ila baadhi ya visanduku humhesabia kijana kosa kwa kutembea usiku wa manane, na watoto wetu wengi huko hutoka kazini usiku wa manane, katika nyumba za kutunzia wazee na katika maghala. Hawatoki kwenye ngoma.

Na anayeshindwa kulipa huwa nini? Wengine huacha gari na kazi ya mbali pamoja nayo. Wengine huendesha bila ya bima, na hao tunawaambia waziwazi kwamba wamekosa. Adhabu ya kawaida ni faini ya pauni 300 na alama sita juu ya leseni, na kwa sheria ya mwaka 1995 dereva mpya akifikisha alama sita ndani ya miaka miwili ya mwanzo leseni yake hufutwa, akaanza upya kama mwanafunzi. Gari nalo huweza kukamatwa likasagwa. Akimgonga mtu, aliyegongwa hulipwa na mfuko wa makampuni yote, na mfuko huo hujazwa kwa fedha za waliokata bima. Yaani ile hatari waliyoifukuza kwa bei kubwa huzunguka ikaingia kwa mlango wa nyuma, na bili yake wakapelekewa wale wale waliokuwa wakisema ujana wa watu wengine hauwahusu.

Haya yana dawa, tena imekwisha kujaribiwa. Visiwa vya Hawaii, ndani ya Marekani yenyewe, vina sheria inayokataza kampuni kupanga bei ya bima ya gari kwa umri, wala kwa uke na ume, wala kwa idadi ya miaka ambayo mtu amekuwa akiendesha. Na makampuni hayajafunga maduka yakakimbia. Katika jimbo la Saskatchewan, Canada, bima ya lazima imo mikononi mwa shirika la umma tangu miaka ya 1940. Dereva mpya huanzia sifuri, akipata ajali kwa kosa lake huongezewa, akienda salama hupunguziwa, na haulizwi amezaliwa lini. New Zealand nayo ni visiwa. Tangu 1974 majeruhi wa huko hutibiwa na kulipwa na mfuko wa taifa, na kwa ajali za magari fedha hutoka katika petroli na ada ya usajili wa gari. Tena hawakuwaachia vijana njia wazi: tangu 1987 leseni yao hutolewa kwa daraja, na dereva mpya hazuiliwi usiku na kupakia abiria kwa bei, huzuiliwa kwa sheria, tajiri na maskini sawa.

Hapa kwetu, pamoja na ila zetu zote, bima ndogo hukatwa kwa aina ya chombo. Pikipiki ina bei yake na gari ina yake, na karani haulizi dereva ana ndevu au hana.

Bwana wetu wa hesabu atasema: mkiwashusha vijana mtawapandisha wazee. Ni kweli, kiasi. Vijana ni wachache, wazee ni wengi, na mzigo wa wachache ukigawanywa kwa wengi huwa mwepesi. Nasi tulio katika miaka ya arobaini tumeendesha tukiwa na miaka 20, wengine kwa mwendo ambao hatutauandika hapa; tulipona kwa rehema, na hatukupona kwa akili.

Wanachama wenye watoto Uingereza tunawaomba mambo mawili. La kwanza, wawaonye wasinunue bima kwa watu wa kwenye simu wanaoahidi bei ya chini sana, kwani nyingi ni karatasi za bandia na mwenye gari hajui mpaka asimamishwe na polisi. Daftari la magari yenye bima lipo, na mtu huweza kulitazama gari lake humo. Wala mjomba asikubali kuandikwa dereva mkuu wa gari ambalo kijana ndiye analiendesha kila siku, maana hiyo huko huhesabiwa hadaa, na siku ya ajali kampuni huweza kukataa kulipa na wote wawili wakashtakiwa. La pili, walio na karatasi za bei walizotajiwa watoto wao wazilete tawini baada ya Alasiri, majina yakiwa yamefutwa, umri na mtaa vibaki. Tunataka kuziweka mbele ya yule bwana pale barazani, moja moja, atusomee hesabu yake.