Kichocho cha Ziwani

Wenzetu wahamishwao kutoka Tanga kwenda Mwanza hudhani kichocho wamekiacha pwani. Sivyo. Kule pwani konokono wa madimbwi na vijito hueneza kichocho cha mkojo, nacho hujionyesha kwa damu. Ufukoni mwa Ziwa Victoria konokono wa jamii nyingine hueneza cha matumbo, kidhurucho ini kimya kimya. Vijidudu vyake hupenya ngozi isiyo na jeraha, hata ya karani aliyekwenda kuoga tu jioni. Prazikwanteli huwaua minyoo waliokomaa, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Watoto wetu hugawiwa dawa shuleni. Sisi baba zao twaona haya kupeleka choo kupimwa! Twaomba makatibu wa matawi ya ziwani watangulie wao.