Kaenda Ulaya kuuguza samaki?

Najua mtacheka, lakini nisikilizeni kwanza.

Nina tangi la Tropheus, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, ukoo mmoja na sato. Kule Kigoma wanakula mwani unaoota kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili ya kazi hiyo. Mimi kwa mapenzi nikawa nawapa moyo wa ng'ombe uliosagwa. Wawili wakafa, matumbo yamevimba.

Kilichoniuma ni hiki: wodini kila asubuhi nauliza wagonjwa kama wamekula na kama wamepata choo. Nyumbani sikuangalia! Dalili zilikuwepo siku kadhaa: samaki anachukua chakula anakitema, anajitenga, choo chake cheupe kama uzi. Tumbo likishavimba na anahema harakaharaka, mara nyingi umechelewa.

Wa tatu nilimwahi. Nikamtenga, nikambadilishia maji, daktari wa mifugo akamwandikia metronidazo, ile ile Flagyl mnayoijua. Akapona.

Lakini msimamo wangu ni kwamba dawa sio pa kuanzia. Anza na mlo wa mwani, kidogo kidogo, na maji safi. Na anayekataa chakula usimbembeleze kwa kitamu zaidi, mchunguze.

Hata hapo nyumbani, bibi akisusa chakula siku mbili msiseme anadeka. Mpelekeni hospitali.

Nawasilisha. Tuko pamoja.