Kamera ya Mfukoni Yatosha
Mtu atakaye kununua kamera, akaambiwa dukani kwamba pasipo ile ya kubadilishwa lenzi hapati picha ya maana, yafaa atafakari kwanza. Kwani ubora wa picha hutegemea sana ukubwa wa kihisi kipokeacho nuru, na Ricoh GR III, kamera ya mfukoni iliyotoka mwaka 2019, ina kihisi cha takriban milimita 24 kwa 16, kama kile cha kamera nyingi za lenzi za kubadilishwa, hali uzito wake haufiki gramu 260. Hakika lenzi yake ni moja, wala haivuti kilicho mbali. Mpiga picha za ndege au za mpira hana budi kuchukua ile kubwa na kuridhia gharama zake. Lakini msafiri na mzazi, nawasihi: nunueni ya mfukoni.