Chakula cha Kasuku Hakibadilishwi kwa Siku Moja

Napenda kutoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni chakula cha kasuku. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Watu wana shida zao, huyu atuletea habari za ndege!" Nawaomba wasome mpaka mwisho kwanza, ndipo wacheke.

Nyumbani kwetu Tanga, bibi yangu anafuga kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Ndege huyu alikuwa wa marehemu babu. Babu alikuwa na desturi ya kuita kila alfajiri, "Mama Salimu, chai iko tayari?" Kasuku aliishika sauti ile barabara, na mpaka leo, miaka sita tangu babu afariki, huita vile vile. Basi msishangae nikisema kuwa kwetu ndege huyu si pambo la barazani.

Kwa muda mrefu alikuwa akila tembe kavu za kiwandani ambazo ami yangu humletea kutoka Dar es Salaam. Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa elimu ya Biolojia. Nilikuwa nimesoma kuwa kasuku wa aina hii huishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi na Kongo mpaka Uganda, na huko hula matunda, mbegu, na hasa chikichi. Nikajiuliza: kwa nini huyu wetu ale kitu kimoja kikavu mwaka mzima? Nikazitoa tembe zote, nikamwekea papai, karoti, sukuma wiki na mahindi mabichi. Sikumwuliza mtu.

Kasuku aliinamisha kichwa, akavitazama, kisha akavitupa chini kimoja kimoja. Siku ya pili alidonoa ndizi kidogo tu. Siku ya tatu alijikunyata juu ya kijiti chake, manyoya yamemtutumka, na alfajiri ile hakuita. Bibi alitoka chumbani, akasimama mbele ya tundu kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, leo sikuitwa."

Maneno yale yalinichoma kuliko fimbo. Tulimchukua upesi kwa daktari wa mifugo. Mwaka uliotangulia alikuwa na uzito wa gramu 440. Siku ile alikuwa na gramu 395. Daktari alitueleza kuwa ndege akipungua sehemu moja kwa kumi ya uzito wake yumo hatarini, na kwamba kasuku asiyekijua chakula hakihesabu kuwa ni chakula. Anaweza kushinda na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Akaamuru arudishiwe tembe zake siku ile ile.

Sasa natoa maoni yangu. Kwanza, nasema bado kuwa chakula kibichi ni chema kwa kasuku. Hakuna kiumbe anayefurahia kitu kimoja kila siku, na sisi tunaokula bwenini twalijua hilo vizuri. Karoti, malenge na viazi vitamu vya rangi ya machungwa humpa vitamini A, ambayo ndege wanaolishwa mbegu tupu huikosa. Sukuma wiki ina madini ya chokaa, na kasuku wa kijivu huugua upesi akipungukiwa nayo, hata hutetemeka na kuanguka. Choroko zilizooteshwa ni nzuri pia. Hata pilipili huila bila kujali, kwa maana ndege hawausikii ukali wake.

Pili, si kila kitu cha jikoni ni chakula chake. Jirani yetu mmoja, kwa wema wake, alitaka kumpa kipande cha parachichi. Kwetu sisi parachichi ni neema, lakini kwa ndege ni sumu inayoua. Chokoleti, kahawa, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi pia havimfai, wala maharagwe makavu yasiyopikwa, wala muhogo mbichi. Tena chakula kibichi huharibika upesi katika joto la pwani. Baada ya saa mbili au tatu kiondolewe na chombo kioshwe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, badiliko liletwe taratibu. Sisi tulifanya hivi. Kila asubuhi, kabla hajapewa tembe, tulimwekea mboga zilizokatwa ndogo ndogo, naye akiwa na njaa kidogo tu. Bibi aliketi karibu naye, akila kipande cha karoti mbele yake, maana kasuku hupenda kula anachokiona kinaliwa. Kisha, mboga zikiondolewa, alipewa tembe zake. Kila siku tulimpima kwa mizani ya jikoni, nami niliandika uzito katika daftari. Ukipungua, tuliongeza tembe. Ukitulia, tuliongeza mboga. Wiki mbili zilipita hajagusa kitu ila malenge yaliyochemshwa. Wiki ya tatu alikula mahindi mabichi. Nilipofunga safari kurudi shule, alikuwa akila mboga za aina nne.

Wako watakaosema kuwa tembe zatosha, kwa kuwa wataalamu wamekwisha pima kila kirutubisho. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana sisi hatukuziacha kabisa. Madaktari wengi wa ndege hushauri ziendelee kuwa sehemu ya chakula chake. Anayempa matunda matamu tu, kisha akajisifu kuwa amemrudishia ndege asili yake, humdhuru vile vile. Mwituni huruka maili nyingi na kuchagua mwenyewe. Tunduni hula tunachompa. Kwa hiyo hesabu yote ni juu yetu.

Wengine husema kazi hii ni nyingi mno kwa ajili ya ndege. Nawajibu kuwa asiyeiweza asifuge. Kasuku wa kijivu aweza kuishi miaka 40 na zaidi, na wenzake wa mwituni wamepungua sana kwa kutegwa, hata mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wanaokamatwa porini. Aliye naye amebeba amana.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaorudi nyumbani na vitabu huwa twataka kugeuza kila kitu tangu siku ya kwanza: mapishi ya mama, shamba la baba, hata dawa za bibi. Huenda tunalolisema ni kweli. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tuulize kwanza, tupime, twende pole pole, na tuwe tayari kurudi nyuma tukiona tumekosea.

Juzi baba aliniletea barua ya bibi. Ameandika kuwa kasuku anakula sukuma wiki, na kwamba kila alfajiri anaitwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu