Moyo Dar, lishe Bujumbura: mgonjwa wa ICU anakula nini?

Ndugu wa mfanyabiashara wa mpakani akiambiwa anahitaji upasuaji wa moyo, familia huanza kupiga hesabu ya nauli, kitanda na daktari. Chakula huwa hakimo. Wengi hudhani kitapikwa kwa mwenyeji na kupelekwa wodini ndani ya hotpoti, kama kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Baada ya kufunguliwa kifua, mgonjwa hukaa kwenye mashine ya kupumulia, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa. Mwili wake unaunguza misuli yake wenyewe ili kuziba jeraha. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inasema asiyeweza kula kwa mdomo aanze kulishwa kwa mpira ndani ya saa 48, ikiwa shinikizo la damu limetulia. Aanze kidogo kidogo, kwani kumshindilia siku za mwanzo nako kunadhuru. Kisha apandishwe polepole hadi kufikia gramu 1.3 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Mtu wa kilo 70 anahitaji, basi, gramu 91, karibu sawa na mayai 15. Uji mwepesi haufikishi hata robo yake. Kuzidisha sana hakujasaidia pia: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha kiwango cha kawaida na cha juu kwa wagonjwa mahututi, na wa kiwango cha juu hawakutoka hospitali mapema zaidi.

Hata mpira wa kupumulia ukitolewa, koo huweza kubaki dhaifu. Kijiko cha uji anachopewa kwa huruma, kabla ya kupimwa kama anameza sawasawa, kinaweza kuingia mapafuni na kumrudisha kwenye mashine. Kila siku inayoongezeka hapo ni bili, na ni mtaji wa duka unaoyeyuka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana vituo vya umahiri wa tiba: Kenya figo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na chanjo, Burundi lishe. Kwa mfanyabiashara mgawo huo unaeleweka, kila mmoja auze anachokimudu. Lakini mgonjwa aliyelazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete anahitaji moyo na lishe kwenye kitanda kimoja, siku moja. Kwa maoni yangu, ujuzi wa Burundi utakuwa na thamani pale tu utakapofika kwenye kitanda hicho. Lori letu linavuka mipaka kwa bima ya Kadi ya Njano; bima ya afya ya pamoja ya namna hiyo bado hatuna.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: mtaalamu wa lishe anapita ICU kila siku? Chakula cha mpira kimo kwenye gharama mliyoambiwa, au familia itaagizwa kukinunua nje?

Wapo pia waliowekewa valvu ya chuma, wengi wao wakiwa wameharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Hao humeza warfarin maisha yao yote. Mboga za majani, iwe kisamvu, mchicha au sukuma wiki, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hazikatazwi; kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana. Aliyepangiwa dozi Dar akila mboga kidogo, kisha akarudi Busia kwenye sukuma ya kila jioni, damu yake inaweza kuganda kwenye valvu. Aondoke na karatasi yenye dozi, majibu ya mwisho ya kipimo cha INR na tarehe ya kinachofuata, na ajue kabla ya kupanda basi ni hospitali gani upande wa pili wa mpaka itakayompima.