Jeneza Tunachanga, Boti Tunaiacha Ioze

Sisi wa Kayole tuliotoka kando ya Ziwa Victoria tuna unafiki mmoja. Babu akifa, M-Pesa zinamiminika kwenye grupu ya WhatsApp: jeneza, tenti, basi la kwenda ocha. Lakini boti iliyosomesha wazazi wetu imelala kifudifudi kule Mbita, mbao zinaoza. Ukiomba mchango wa kuikarabati, grupu kimya. Mwishowe mtu anaandika: "Si ipasuliwe tu iwe kuni?"

Eti haitengenezeki. Wapi! Ubao uliooza hung'olewa, mwingine ukapigiliwa. Maungio huzibwa kwa pamba. Kule Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kama taka zinaelea, mbao za babu zitashindwaje?

Samaki wamepungua, ni kweli. Lakini omena tunayonunua hapa mtaani inavuliwa na boti ya mtu, na pesa zinaenda kwake. Halafu tunalia vijana hawana kazi. Jeneza halilishi mtu. Mchango ujao uwe wa mbao za boti, babu zetu wengine wakiwa bado hai waione ikielea.