SHAMBA LA FAMILIA: Mbolea ya Fosfati kwa Mti wa Mpira

Matairi ya malori makubwa yatubebayo kazini hayawezi kutengenezwa vizuri bila utomvu wa mti wa mpira. Ndiyo maana wengi wetu, tufikiripo kustaafu, huuona mti huo kuwa akiba ya uzeeni.

Juma lililopita alitujia mwenzetu mmoja, mstaafu wa polisi, akiwa na huzuni. Alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua mbolea ya fosfati, akaitawanya juu ya ardhi kama mtu awarushiaye kuku mtama. Sasa ni miaka miwili, na miche yake ingali myembamba. Aliuliza: “Je, nimeuziwa vumbi?”

La, huenda hakuuziwa vumbi. Fosfati ina tabia yake. Naitrojeni huyeyuka upesi na kufuata maji, lakini fosfati haisogei mbali na pale ilipowekwa. Kazi yake kubwa ni kujenga mizizi; kwa hiyo yafaa ichanganywe na udongo wa shimo siku ya kupanda, mizizi michanga iikute. Katika mashamba ya Malaysia na India, desturi ni kutia kati ya gramu 100 na 200 za fosfati ya mwamba katika kila shimo.

Kwa nini fosfati ya mwamba? Mti wa mpira hustawi penye mvua nyingi, na udongo wa huko kwa kawaida una tindikali. Fosfati iyeyukayo upesi, kama superfosfati, hunaswa na chuma na alumini vilivyomo katika udongo huo, na mti hubaki na njaa. Mwamba uliosagwa huyeyushwa na tindikali hiyo hiyo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwa miongo mingi Malaysia iliupata mwamba huo kutoka Kisiwa cha Christmas, kusini ya Java.

Hata hivyo, miamba haifanani. Ule wa Minjingu, kaskazini ya Tanzania, huyeyuka kwa urahisi kuliko ule wa Tororo, Uganda, ambao ni mgumu. Mnunuzi na aulize asili ya mbolea kabla ya kufungua mkoba.

Jambo la pili ni mikunde itambaayo, kama vile pueraria, ipandwayo katikati ya mistari. Nayo hupewa fosfati. Ikinawiri, hufunika ardhi, huzuia magugu na mmomonyoko, tena huuongezea udongo naitrojeni. Hivyo mbolea moja huzaa ya pili.

Mwenzetu hajachelewa. Kwanza ampelekee bwana shamba udongo wake upimwe, kwani huenda upungufu ni wa madini mengine. Ikithibitika ni fosfati, achimbe mfereji mwembamba kuzunguka kila mche, pasipo kukata mizizi, atie mbolea na kuifukia mvua zianzapo. Kisha apande mikunde.

Mti wa mpira hugemwa shina lifikiapo mzunguko wa sentimita 50 hivi, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 7. Mti ulionyimwa chakula utotoni humchelewesha mwenyewe, na mstaafu hana miaka ya kupoteza. Mama na watoto washiriki kazi hii, kwani watakaogema kesho ni wao.